Uniti Tatu na Nukta Sita

Saa nne usiku, Magomeni Mapipa.
Luku inasoma uniti tatu na nukta sita,
na kompyuta yangu inahema
kama mwenye pumu aliyepandishwa ghorofa ya nne kwa ngazi.

Nimechomeka kamera. Kadi imejaa hadi ukingoni:
picha elfu moja mia tisa na kumi na mbili,
karibu zote harusi ya Mwamvua binti Pazi,
ukumbi wa Mwananyamala, Jumamosi,
mashangazi kumi na sita katika sare ya kijani,
hakuna aliyekubali kusimama nyuma.

Kazi ndogo, niliiambia mashine.
Toa huku, weka kule.
Hata mtoto anayehamisha mchele kwa kikombe
kutoka guniani hadi kwenye ndoo
hajawahi kuzimia.

Asilimia sitini na moja.
Feni ikaanza kulia.
Themanini. Kishale kikagoma, kikageuka kiduara,
kiduara kikazunguka, kikazunguka.
Tisini na saba, na ndiyo kwanza tupo picha ya mia mbili na tatu:
shangazi wa pili kushoto, kafumba macho.

Bi. Kidawa, mama wa bibi harusi, akapiga simu.
"Mwanangu, picha lini? Watu wa Tanga wanauliza."
Ziko njiani, mama.
"Njiani wapi? Foleni ya Ubungo?"

Nikamwita Chaurembo, mtoto wa dada,
fundi simu pale kona, ubavuni kwa muuza chipsi.
Akaja na harufu ya risasi ya kulehemu vidoleni,
akafungua orodha ya kazi zinazoendelea,
akasonya.

"Mama mdogo, diski ina nafasi tele.
Kilichojaa ni kumbukumbu.
Programu hii hainakili tu. Kila picha inaifungua,
inaikunjua yote, kama mkeka,
iitengenezee kijipicha cha kukuonyesha,
kisha haiachii.
Inaishika ya kwanza, inapokea ya pili,
inazishika zote mbili, inapokea ya tatu.
Imebeba ukumbi mzima na viti vyake,
na mikono yenyewe gigi nne. Tena za mtumba."

Gigi nne. Nilizinunua Mtaa wa Aggrey
kwa kijana aliyeapa kwa jina la mama yake.

Akabonyeza kitufe, akakikandamiza mpaka feni ikanyamaza.
Tukasikia mafuta ya chipsi nje.
Akachomoa kadi kwenye kamera,
akaitia kwenye kisoma kadi cha shilingi elfu tano,
akawasha upya, akafungua folda mwenyewe, bila programu.

Akasimama.

"Hizi za mwanzo si za harusi."

Sikujibu. Nilijifanya natazama Luku.

"Bibi huyu," akasema.
Bibi, ndiyo. Temeke, mwezi wa tatu, kibarazani,
anachambua choroko kwenye ungo,
kanga kaifunga begani kama mtu anayejiandaa kugombana.
Picha arobaini na moja. Choroko zilezile.
Kila kazi nikinakili, naye hunakiliwa.
Kwenye diski ninao mara saba
na kwenye kadi sijamfuta.

Chaurembo hakusema neno.
Alifuta vidole kwenye suruali kabla ya kugusa kibodi,
kitu ambacho kwa simu za wateja hakifanyi.

"Tunakwenda hamsini hamsini," akasema hatimaye.
"Tukimaliza fungu, tunatua, tunachukua jingine."

Hamsini. Asilimia thelathini na nane.
Hamsini. Thelathini na tisa.
Mashangazi wakapita, sinia za pilau zikapita,
Mwamvua akalia, akacheka, akafutwa wanja,
feni ikanung'unika kidogo tu, kiutu uzima.

Saa saba kasoro Luku ikaanza kulia.
Uniti sifuri na nukta tisa.
Harusi yote imehamia, hata shangazi aliyefumba macho.

"Na zile arobaini na moja?" Chaurembo akauliza,
kidole kikielea juu ya kitufe cha kufuta.

Nikamwambia achomoe kadi, airudishe kwenye kamera, akalale.